Logi Yako Ilale Wapi? Mwongozo kwa Anayeandika Programu Itakayofika Kolo

Kolo ipo wilayani Kondoa, kilomita zipatazo 180 kaskazini mwa jiji la Dodoma, kwenye barabara kuu iendayo Babati na Arusha. Ukiandika programu ya kompyuta ukiwa Dar es Salaam, Nairobi au Dodoma mjini, chukulia kwamba siku moja itafika huku: zahanati, duka la pembejeo, ofisi ya kijiji, laptopu ya mwalimu. Itafika bila wewe. Atakayeitumia hatafungua ukurasa wa mipangilio hata mara moja, maana ana foleni ya watu mbele yake. Ulichokiacha kilivyo siku ya kuitoa ndicho kitakachokaa hivyo hivyo mpaka kompyuta ife. Kwa hiyo lile swali la wapi pa kuweka faili la logi, ambalo waandishi wengi wa programu hulimaliza wakiwa wameshasimama kwenda kunywa chai, linastahili kukaliwa kitako.

Logi, kwa asiyeijua, ni faili ambamo programu inaandika yanayoipata: nimewashwa, nimefungua hifadhidata, nimekosa mtandao, nimeanguka. Programu ikiwa nzima hakuna anayeikumbuka. Ikigoma, logi ndiyo shahidi pekee aliyekuwepo, na shahidi asiyejulikana anakaa wapi hana msaada kwa mtu yeyote.

Anza kwa kuacha ile tabia ya kuandika logs/app.log kisha ukaondoka. Anwani ya namna hiyo haina mwanzo. Inasema tu “hapa nilipo”, na programu mara nyingi haipo unapodhani. Karani akibofya ikoni kwenye desktopu, “hapa” ni folda moja. Windows ikiiwasha yenyewe kama huduma inayofanya kazi bila dirisha, “hapa” ni C:\Windows\System32. Systemd ikiiwasha kwenye Linux, “hapa” ni mzizi wa diski, /, ambako mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika hata nukta. Ikiwashwa na cron, ni nyumbani kwa mwenye ratiba. Programu moja, logi imetawanyika sehemu nne, na mwandishi bado anaapa kwamba kwake inafanya kazi. Huyo angepandishwa basi la alfajiri hadi Kolo, akabidhiwe kiti na kompyuta, aambiwe: haya, itafute.

Kishawishi cha pili ni kuweka logi kando ya programu yenyewe, ndani ya C:\Program Files. Hoja yake inapendeza: vitu vya programu vikae pamoja. Lakini tangu Windows Vista ilipoingia sokoni Januari 2007, mtumiaji asiye msimamizi haandiki humo, na ni sawa azuiwe, kwa sababu folda inayoandikwa na kila mtu inaandikwa na virusi pia. Microsoft, kwa kuzihurumia programu za zamani, iliweka hila. Programu ya biti 32 ya kizamani ikijaribu kuandika ndani ya Program Files, Windows huiitikia ndiyo, halafu hulipeleka faili kimyakimya kwenye folda iitwayo VirtualStore, ndani ya AppData ya mtumiaji aliyeingia. Programu inaamini imeandika pale. Fundi anafungua Program Files, hakuna kitu. Akiingia mtumiaji mwingine kwenye mashine hiyo hiyo, naye anafunguliwa nakala yake ya kando. Siku mbili zinaweza kupotea hapo, na aliyezipoteza hakukosea chochote.

Kwenye Windows, kwa programu inayofunguliwa na mtu, mahali sahihi ni %LOCALAPPDATA%, halafu jina la mtengenezaji, jina la programu, na Logs. Si %APPDATA%. Hiyo ya pili ni Roaming, ambayo kwenye ofisi zenye mtandao wa pamoja huweza kumfuata mtumiaji kila kompyuta anayoingia. Kumbebesha mtu mamia ya megabaiti za logi kila asubuhi, kwenye mtandao unaosuasua, ni uonevu mtupu. Ukitumia Electron, kagua kabla hujaiamini: ukiiuliza folda ya logi, kwenye Mac inajibu vizuri, lakini kwenye Windows inakupeleka Roaming, na kwenye Linux inakuingiza ~/.config, folda ya mipangilio. Wanaoandika kwa Python wana maktaba ya platformdirs, ambayo imeshazifanya kazi hizi kwa kila mfumo na inastahili kuaminiwa.

Sababu ya kung'ang'ania %LOCALAPPDATA% haihusu usafi wa folda. Inahusu simu. Chukua fundi kijana aliyeko Dodoma mjini na karani mtu mzima aliyeko Kolo:

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hii mashine imegoma tena, na watu wamejaa hapa.”

“Pole sana mama. Shikilia kitufe chenye alama ya dirisha, halafu bonyeza R.”

“Kimetokea kisanduku.”

“Humo andika alama ya asilimia, halafu LOCALAPPDATA bila kuacha nafasi, halafu asilimia tena.”

“Asilimia iko wapi?”

“Juu ya tano, mama. Shift ishikilie kwanza.”

“Haya. Zimefunguka folda nyingi.”

“Fungua yenye jina la mtengenezaji, halafu yenye jina la programu. Ndani yake kuna Logs. Faili la mwisho kabisa hapo nitumie WhatsApp.”

Mazungumzo hayo yanawezekana kwa sababu moja tu: jina lile linafanya kazi kwenye kila Windows tangu Vista, hata kama jina la mtumiaji ni “User”, “HP” au “Mapokezi”, na hata kama AppData imefichwa isionekane kwa macho. Fundi hakuhitaji kujua chochote kuhusu mashine ya Kolo. Yule mama hakuhitaji nenosiri la msimamizi, ambalo kwa kawaida analo mtu aliyekwishahamishwa kituo. Kipimo changu cha mahali pazuri pa logi ni hicho: je, pataelekezeka kwa simu, kwa mtu mwenye kazi nyingine, bila nenosiri la ziada? Mahali pakishindwa mtihani huo, hoja nyingine zote za kupatetea hazina uzito.

Ukitaka kumfanyia hisani zaidi, weka kwenye menyu ya Msaada kitu kinachoitwa “Fungua folda ya logi”. Ni kazi ya nusu saa. Anwani kamili ya faili iandikwe pia kwenye dirisha la “Kuhusu programu”, na kwenye ujumbe wa hitilafu wenyewe. Ujumbe unaosema “Kuna tatizo, angalia logi” bila kusema logi iko wapi ni kumsukuma mtu gizani. Andika anwani yote, tangu C: hadi herufi ya mwisho, aweze kuipiga picha.

Programu inayojiwasha yenyewe kama huduma ni habari nyingine, maana haina mtumiaji. Ukiiambia itumie %LOCALAPPDATA%, na inaendeshwa na akaunti ya mfumo, logi itakwenda kulala ndani ya C:\Windows\System32\config\systemprofile, na huko hakuna karani atakayefika. Huduma iandike ndani ya C:\ProgramData. Lakini uangalie jambo moja ambalo limewakwamisha wengi: ndani ya ProgramData mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kuunda faili, ila faili lililoundwa na mwenzake hawezi kulibadilisha. Kompyuta ya zamu ina akaunti mbili, ya Asha na ya Juma. Asha akiwa wa kwanza kufungua programu, app.log inakuwa yake. Zamu ya Juma ikifika, programu inashindwa kuandika, na kama uliiandika vibaya, inakataa kufunguka kabisa. Programu inayokufa kwa sababu imeshindwa kuandika logi imekufa kifo cha kijinga. Kwa hiyo kila mtumiaji awe na faili lake nyumbani kwake, ProgramData waachie huduma. Na logi ikishindikana kuandikwa, programu itoe onyo kisha iendelee na kazi.

Linux ina adabu ya muda mrefu zaidi. Makubaliano ya nini kikae wapi yalitolewa kwa mara ya kwanza Februari 1994, na toleo lake la 3.0 lilitoka 2015; yote yanasema logi za mfumo na za huduma zikae /var/log. Fundi yeyote wa seva, awe Morogoro au Muscat, ataanzia hapo kabla hajakuuliza jina lako. Ukiwa unatumia systemd, mstari mmoja wa LogsDirectory= kwenye faili la huduma unatengeneza folda ndani ya /var/log na kuipa umiliki unaofaa; huna haja ya kuandika maelekezo ya chown ambayo mtu atayaruka. Kwa programu ya mtu binafsi, kwa miaka mingi hapakuwa na jibu, na kila mwandishi alijitengenezea folda yenye nukta nyumbani kwa mtu. Mwaka 2021 mwongozo wa XDG uliongeza $XDG_STATE_HOME, ambayo isipotajwa huwa ni ~/.local/state, na ukazitaja logi kwa jina kuwa ni miongoni mwa vitu vya kuwekwa humo. Tumia hiyo. Si ~/.cache, ambayo mtu yeyote ana haki ya kuifuta diski ikibana, na diski inabana hasa wakati ule ambapo logi inatakiwa.

Mfano mkubwa tulionao nchini ni DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliozaliwa Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi, ukalelewa na Chuo Kikuu cha Oslo, na ambao Tanzania inautumia. Wenyewe haukufuata /var/log. Logi yake, dhis.log, hukaa ndani ya folda ya logs chini ya mahali panapotajwa na kigezo cha DHIS2_HOME, na kigezo hicho kisipowekwa, unakwenda /opt/dhis2. Ningependa pangekuwa /var/log, kwa sababu mtu anayetunza seva kumi hapaswi kukariri tabia za kila mgeni. Hata hivyo wamefanya mambo mawili ambayo wengi hawayafanyi: mahali hapo pameandikwa wazi kwenye maelekezo, na kigezo kimoja kinatosha kupabadilisha. Ugumu unabaki kwamba DHIS2 huendeshwa juu ya Tomcat, na Tomcat ina logi zake, kwa Debian na Ubuntu kwenye folda ya tomcat ndani ya /var/log. Mfumo ukikataa kuwaka, sababu inaweza kuwa huku au kule. Programu yako ikiegemea nyingine, waambie watu folda zote mbili.

Kwenye kontena usiandike faili kabisa. Toa maneno kwenye njia ya kawaida ya matokeo, anayeendesha ataamua yaende wapi; ila mkumbushe aweke kikomo, kwa sababu Docker ikiachwa na mipangilio yake ya mwanzo hulirefusha faili la logi bila mwisho mpaka diski ijae. Kwenye Mac, ~/Library/Logs kwa mtu, /Library/Logs kwa huduma, na programu ya Console itazionyesha yenyewe.

Simu nazipa nafasi zaidi, kwa sababu kwa watu wengi wa Kolo simu ndiyo kompyuta. Kwenye Android maneno unayoyatupa kwenye logcat hukaa kwenye kumbukumbu ya muda yenye nafasi ndogo. Mapya yanayafuta ya zamani, na simu ikizimwa hakuna kinachobaki. Tangu Android 4.1 ya mwaka 2012 programu ya kawaida haiwezi kusoma logi za wenzake, kwa hiyo usitarajie mtu apakue kisomaji cha logi akusaidie. Zamani wengi walitupa faili kwenye kadi ya kumbukumbu, mtumiaji akaliona kwa kisimamizi cha faili. Android 11, mwaka 2020, ilibana njia hiyo: hata folda ya Android/data haifunguki tena kirahisi kwa visimamizi vya kawaida. Kwa hiyo andika ndani ya hifadhi ya programu yenyewe, ile ya files wala si ya cache, kisha weka kitufe cha “Tuma logi” kinachofungua orodha ya kushiriki. Mtu achague WhatsApp, achague jina lako, amalize. Mahali lilipo faili hapana maana tena kwake, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kwenye simu.

Usiweke logi /tmp. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu ya umeme. Kwenye mifumo mingi ya Linux, /tmp husafishwa mashine inapowashwa, na kwa baadhi, Fedora ikiwemo, inakaa kwenye RAM kwa mipangilio ya mwanzo. Umeme unakatika, mashine inazima, umeme unarudi, programu inakataa kuwaka kwa sababu hifadhidata iliumia. Ulichokihitaji ni mistari ya sekunde kumi za mwisho kabla ya giza, na ndiyo iliyofutwa. Journald nayo ina mtego wa jirani: ikiwa kwenye hali yake ya kujiamulia na folda ya /var/log/journal haipo, inaandika kwenye /run, ambayo nayo ni RAM. Hakikisha folda hiyo ipo. Na mistari ya hitilafu isisubiri kumbukumbu ya muda ijae ndipo iandikwe. Isukumwe diskini hapo hapo, hata kama inapunguza kasi kidogo.

Kila mstari wa logi uwe na saa. Wageni wengi hufika Kolo kwa ajili ya michoro ya miambani, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006 na ambayo Mary Leakey aliinakili kwa mkono mwaka 1951. Waliochora walijua kuchagua mahali: chini ya miamba iliyoinama, mvua isikofika. Wanyama na watu wa rangi nyekundu wapo chini, na sehemu nyingine michoro myeupe imepakwa juu yao, ndiyo maana tunajua ipi ilitangulia. Lakini umri wake wataalamu wanaubishania hadi leo, kwa sababu mpangilio bila tarehe hausemi zaidi ya hapo. Logi isiyo na saa ina upungufu huo huo: unajua hiki kilikuja baada ya kile, hujui kama katikati zilipita sekunde mbili au usiku mzima.

Saa yenyewe iandikwe pamoja na tofauti yake na saa ya dunia. Mama wa Kolo atakwambia mashine iligoma saa nane mchana. Kompyuta yake inaonyesha 14:04. Logi iliyoandikwa kwa saa ya dunia inasema 11:04. Yote ni kweli, na fundi aliyechoka atasoma mstari usio wake. Andika 2025-03-11T14:04:09+03:00, ubishi uishe. Na kwa kuwa kompyuta za mezani za zamani hufa betri ya saa, zikiwashwa zinarudi miaka mingi nyuma, kila programu inapoanza iandike mstari wa kwanza wenye toleo lake, mfumo endeshi, anwani kamili ya faili hilo la logi, na namba ya mwasho inayoongezeka moja moja. Kalenda ikidanganya, namba haitadanganya.

Ukubwa usiuache wazi. Faili tano za megabaiti kumi zinatosha programu nyingi za ofisini. La sita likitaka kuzaliwa, la kwanza lifutwe. Kwenye diski ndogo iliyojaa picha za harusi, logi isiyo na kikomo ndiyo itakayoiangusha mashine iliyotakiwa kuitetea.

Kwa kuwa faili hili litasafiri kwa WhatsApp, kupitia simu ya karani, ya fundi na pengine ya bosi wa fundi, angalia kilichomo. Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) yenye tarakimu 20, namba ya simu, jina la mgonjwa na nenosiri havina kazi humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na haijali kama taarifa za mtu zilivuja kupitia hifadhidata au kupitia faili la kutafutia makosa. Andika “rekodi namba 417 imekataliwa: tarehe ya kuzaliwa haipo”, uishie hapo. Kwenye seva, logi isomwe na mwenye huduma na kundi la wasimamizi, wengine isiwahusu.

Ikiwa programu yako imeshaenea na logi zake ziko mahali pabaya, hamisha kwenye toleo lijalo, lakini usihamishe faili za zamani bila kuaga. Ziache zilipo. Katika faili la mwisho ongeza mstari mmoja unaosema kuanzia toleo hili logi zinaandikwa wapi, kwa anwani kamili. Anayeongoza watu kwa simu alishazoea folda ile, na kuna siku ataielekeza kwa mazoea. Akute mstari huo. Kigezo cha kubadilisha mahali kibaki na jina lile lile la zamani, na kama mtu alishakiweka, kiheshimiwe kabla ya chaguo lako jipya. Mafundi wanaosimamia kompyuta kwenye wilaya nzima waliandika maelekezo yao kwa kufuata toleo la kwanza, wakayachapisha, wakayabandika ukutani, na hawana bajeti ya kurudi kila kijiji kuyabandua.